Tubishane juu ya Mazembe, tusifukuzane

Maneno ya komite kwa wanachama, kabla ya kura juu ya jioni ya mpira



Munajua neno lililotuleta leo. Ndani ya sanduku la maoni ziliingia karatasi nyingi juu ya jioni ya siku ya Mungu, pale tunapokaa kwenye sale ya chama kuzungumza juu ya TP Mazembe. Karatasi zingine zinaomba jioni ile ifungwe kabisa. Zingine zinasema mutu akifunga jioni ile, afunge na chama. Mfadhili wetu mmoja naye aliuliza kwa heshima, kwenye barua yake, kwa nini taa ya batiri iwake kwa ajili ya watu wanaopiga kelele juu ya mpira. Ni swali la haki, na linastahili jibu.

Komite inaomba jioni isifungwe, ila iwe na masharti. Tupeni nafasi tueleze, kisha mutainua mikono kama munavyopenda.

Kwa wafadhili ambao hawajafika kwetu Moba, tuanze na hili. Chama chetu ni cha watu waliorudi. Kuna waliotoka Tanzania, kwenye kambi kama Lugufu na Nyarugusu. Kuna waliotoka Zambia, kwenye kambi kama Kala na Mwange. Na tangu mwanzo tulikubali wawemo pia jirani zetu ambao hawakukimbia, waliobaki hapa na kuona yote. Tunasaidiana kwa kilio, kwa ugonjwa, kwa likelemba, kwa mabati ya nyumba. Lakini kwenye mambo hayo yote kila mutu anakumbuka ametoka wapi. Aliyetoka Tanzania anasema Kiswahili cha Kigoma. Aliyetoka Zambia anachanganya Kibemba. Aliyebaki anatuuliza moyoni: nyinyi mulikuwa wapi?

Kwenye jioni ya mpira swali hilo linalala kidogo. Kuna ekipe moja tu, nyeusi na nyeupe, Kunguru wa Lubumbashi. Hapo baba wa miaka sabini na kijana wa miaka kumi na saba wanakatana maneno bila mutu kukasirika, kwa sababu wote wanapenda kitu kimoja.

Lakini munajua vilevile yaliyotokea majuzi. Mabishano yalikuwa juu ya mambo ya mwaka 2011, yale ya Bokungu. Yakapanda moto. Mutu mmoja akamwambia mwenzake aliyerudi kutoka Tanzania: «Weye ni mutu wa Simba, nyinyi ndio mulituuza.» Yule akajibu: «Na weye uliyebaki, ulikula sahani moja na wenye bunduki.» Sale ikanyamaza. Kesho yake familia mbili zikaomba pesa yao itoke kwenye likelemba. Ni kwa sababu hiyo tuko hapa leo, mpira wenyewe hauna kosa.

Basi tutazame mabishano yetu makubwa matatu, tuone yanatufundisha nini na yanaharibika wapi.

La kwanza ni la mwaka 2010. Hakuna aliyesahau. Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2009, ikarudia 2010 kwa kuifunga Espérance ya Tunis goli 5 kwa 0 pale Lubumbashi, kisha 1 kwa 1 kwao. Ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la vilabu. Ikaitoa Pachuca ya Mexico kwa 1 kwa 0. Tarehe 14 Desemba ikaitoa Internacional ya Brazil kwa 2 kwa 0, goli la Kabangu na goli la Kaluyituka, na Kidiaba akaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Ilikuwa mara ya kwanza fainali ile kuchezwa na ekipe ambayo haitoki Ulaya wala Amerika ya Kusini. Halafu tarehe 18 Inter ya Milan ikatufunga 3 kwa 0.

Neno la mabishano ni Mputu. Trésor Mputu hakuwako. FIFA ilikuwa imemfungia mwaka mmoja kwa sababu ya yaliyotokea na mwamuzi kwenye mechi ya Kagame Cup kule Kigali. Upande mmoja wa sale unasema: «Mputu angekuwako, Inter wangelia.» Ni kweli alikuwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza Afrika mwaka 2009. Upande mwingine unajibu: Inter walifunga goli mbili ndani ya dakika 17 za kwanza, Pandev kisha Eto'o. Zile goli ziliingia nyuma. Mputu alikuwa mutu wa mbele, angezizuia namna gani? Na mwaka 2009, Mputu alipokuwa bado ndani ya ekipe, tulienda kombe lilelile tukafungwa mara mbili, 2 kwa 1 na Pohang ya Korea, 3 kwa 2 na Auckland City ya New Zealand. Basi wa upande wa kwanza wanasimama tena: mechi si hesabu ya mutu mmoja, Inter wangeogopa kupanda wote kama wangejua Mputu anangoja mbele.

Munaona uzuri wa mabishano hayo? Hakuna aliyetukana. Kila mutu ameleta kitu mkononi: dakika, goli, mwaka. Na kuna wazee wetu wanaosema neno ambalo tunapenda kulikumbusha: kocha Lamine N'Diaye hakuwa na Mputu wa kuchagua. Alikuwa na wale waliobaki. Haifai kumhukumu kwa mchezaji ambaye hakuwa mikononi mwake. Tumuulize alifanya nini na wale aliokuwa nao. Na wale aliokuwa nao walifika mahali ambapo hakuna ekipe ya Afrika ilikuwa imefika.

Tuliorudi tunaelewa neno hilo kuliko wengine. Kila mutu hapa amejenga na waliobaki na kilichobaki.

La pili ndilo lenye moto, la Bokungu. Tulieleze polepole, maana vijana wengi wanalisikia nusu. Mwaka 2011 Mazembe, ikiwa bingwa, ilikutana na Simba ya Dar es Salaam. Kwetu tukawafunga 3 kwa 1, kwao tukawafunga 3 kwa 2. Kisha tukaitoa Wydad ya Casablanca. Uwanjani mambo yalikwisha. Lakini Simba walipeleka malalamiko kwamba Janvier Bokungu, aliyekuwa amechezea Espérance kabla, hakuwa na haki ya kuchezea Mazembe katika shindano lile. CAF ikakubali malalamiko, ikatoa Mazembe nje. Simba na Wydad wakachezeshwa mechi moja kule Cairo, Wydad wakashinda 3 kwa 0, na mwaka ule Wydad wakafika mpaka fainali.

Hapa sale inapasuka mara tatu. Wa kwanza wanasema tulionewa: goli sita zilifungwa na miguu, si na karatasi. Wa pili wanasema sheria ni sheria, na kama ekipe nyingine ingetufanyia vile, sisi ndio tungekuwa wa kwanza kulalamika. Wa tatu, na hao ni wale waliokulia Kigoma wakisikiliza Simba na Yanga kwenye redio za kambini, wananyamaza, au wanasema neno dogo, maana moyo wao uko pande zote mbili.

Ni hao wa tatu waliotukanwa. Na komite inataka kusema waziwazi: mutoto aliyefika Lugufu akiwa na miaka mitano, akafundishwa mpira na watoto wa Tanzania, akipenda Simba hakumuuza mutu. Alipenda kilichokuwa karibu naye. Kama angekuwa hapa angependa Mazembe tangu mwanzo. Mapenzi ya mpira yanaota pale mutu anapoishi. Kumuuliza kwa nini alipenda Simba ni kumuuliza kwa nini alikimbia.

Na yule wa pili naye asiseme alichosema. Aliyebaki hapa hakula sahani moja na mutu. Wengi wao walikula majani ya porini. Mambo ya vita yana mahali pake na watu wake wa kuyasikiliza. Yasiingie kupitia mlango wa penalti.

Lakini tukiondoa matusi, mabishano ya Bokungu ndiyo yaliyotusaidia kuliko yote. Wafadhili wasikilize hapa. Munakumbuka siku ya listi ya mabati. Kijana mmoja alisimama akasema: «Listi isomwe yote kwa sauti, tusije tukapata Bokungu yetu.» Watu wakacheka, lakini wakaelewa papo hapo. Ekipe inaweza kuwa na nguvu, inaweza kushinda nyumbani na ugenini, halafu jina moja ambalo karatasi yake haiko sawa likaangusha kazi ya wote. Tukasoma majina yote. Mawili yakabishaniwa. Wenyewe wakaenda nyumbani wakaleta karatasi zao za kurudi, zikaonekana na wote, na majina yakabaki. Tangu siku hiyo hakuna anayenong'ona njiani kwamba listi ilipikwa. Mafunzo gani ya siku tatu yangetupa hayo? Yalitoka kwenye jioni ya mpira.

La tatu ni la kuuza na kuachia wachezaji. Hapa jina ni Samatta.

Mwaka uleule wa 2011, baada ya mechi na Simba, Mazembe ilimchukua Mbwana Samatta kutoka Simba. Ndiyo, kutoka Simba yenyewe. Na Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwenzake, naye akaja. Wakati sisi bado tunapanga vitu kuvuka ziwa kurudi, watoto hao wa Tanzania walikuwa wanakuja Congo kutafuta maisha. Samatta alikaa miaka minne na zaidi. Mwaka 2015 alifunga kwenye fainali zote mbili dhidi ya USM Alger, 2 kwa 1 kwao na 2 kwa 0 kwetu. Januari 2016 akatajwa mchezaji bora kati ya wanaocheza Afrika, Mtanzania wa kwanza. Mwezi uleule akaenda Genk ya Ubelgiji.

Nusu ya sale inasema: ulikuwa upumbavu kumwachia. Angalieni, miezi michache baadaye Wydad walitutoa kwenye Ligi ya Mabingwa, 2 kwa 0 kwao, 1 kwa 1 kwetu. Bila Samatta mbele, nani wa kufunga? Nusu nyingine inajibu: mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi michache, ukimshika kwa nguvu ataondoka bure. Na tena, mwaka uleule wa 2016 Mazembe ilishuka kwenye Kombe la Shirikisho, ikalitwaa, MO Béjaïa wakafungwa 4 kwa 1 pale Lubumbashi baada ya 1 kwa 1 kule Algeria. Mwaka 2017 ikalitwaa tena mbele ya SuperSport United ya Afrika Kusini, kocha akiwa Pamphile Mihayo, mutoto wa nyumbani aliyekuwa mchezaji wa Mazembe mwaka 2010. Basi ekipe haikufa.

Kisha kuna wanaosema neno la katikati: Kombe la Shirikisho si Ligi ya Mabingwa, tusijidanganye, na tangu 2015 hatujawa tena mabingwa wa Afrika. Neno hilo linauma, lakini ni la kweli, na mabishano mazuri lazima yawe na mutu wa kulisema.

Komite haina jibu la Samatta. Ila tunaona kwamba uamuzi unapimwa kwa yale waliojua siku ile. Siku ile walijua mkataba unaisha. Hawakujua kwamba Wydad wanakuja. Anayesema leo «ningefanya hivi» amesimama mahali ambapo wao hawakuwa wamefika.

Tunalisema hili kwa sababu mabishano ya Samatta ni mabishano yetu wenyewe. Chama kilifundisha vijana ushonaji na ufundi wa pikipiki. Wengine walikwenda Kalemie, wengine Lubumbashi. Kuna wanachama wanaosema tuache kufundisha, tunafundisha ili watu watuache. Wengine wanasema walioenda wanatuma kitu nyumbani kila mwezi na wanachukua wadogo zao. Hilo tutaliamua kwenye mkutano mwingine, si leo. Lakini tunaomba tulibishanie kama tunavyobishana juu ya Samatta: tulete hesabu, nani alienda, nani alibaki, nani anatuma nini. Tusimwite mutu msaliti kwa sababu ameondoka. Sisi sote humu tuliwahi kuondoka, au tuliwahi kubaki tukiangalia wenzetu wakiondoka.

Sasa tuseme neno moja ambalo kwa komite ndilo kubwa. Kwenye zile fainali mbili za 2015 Mazembe ilifunga goli nne. Tuhesabu pamoja. Kule Algiers: Rainford Kalaba, mutoto wa Zambia, kisha Samatta, mutoto wa Tanzania, kwa penalti. Pale Lubumbashi: Samatta tena, kwa penalti, kisha Roger Assalé, mutoto wa Côte d'Ivoire. Goli nne, na hakuna hata moja lililofungwa na mutoto wa Congo. Kuna mutu alikataa kombe? Kuna mutu alisema hili si letu, limetoka ng'ambo? Lubumbashi ilicheza usiku kucha, na sisi huku ziwani tulicheza.

Na wale waliorudi kutoka Zambia wanatukumbusha la kwao: mwaka 2012 Zambia ilitwaa Kombe la Afrika kwa penalti mbele ya Côte d'Ivoire, na penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu, ambaye wakati ule alikuwa mchezaji wa Mazembe. Kalaba alikuwa amekosa yake kabla kidogo. Wenzake hawakumwuliza umetoka wapi. Mwingine akasimama akapiga.

Basi kama goli la mutoto wa Tanzania ni letu, mutu wa hapa aliyelelewa Tanzania awe mgeni namna gani?

Masharti tunayoomba ni haya. La kwanza: anayebisha alete kitu, mwaka, mechi, dakika, au karatasi. Asiye na kitu asikilize. La pili: tubishane juu ya uamuzi, tusibishane juu ya mutu alikozaliwa au alikokimbilia. Atakayetaja kambi ya mwenzake au vita kwenye mabishano ya mpira atatoka nje jioni ile, awe mzee, awe kijana, awe wa komite. La tatu: jioni iishe saa mbili za usiku, na saa moja kabla ya jioni kuanza taa ni ya wamama wa ushonaji, kila juma, bila kubishana. Batiri inatosha kwa yote mawili, tuliipima. Hilo ndilo jibu letu kwa mfadhili aliyeuliza, na tunamshukuru kwa kuuliza.

La mwisho si sharti, ni ombi. Zile familia mbili zilizoomba pesa yao itoke: mtunza sanduku ameihesabu yote, iko tayari kwenye bahasha, na ni haki yao kuichukua leo hii. Hatutawashika kwa nguvu. Lakini kwenye likelemba nafasi zao tumeziacha wazi mpaka mwisho wa mwezi, na wenzao wa kundi wamekubali kungoja. Wale wawili waliosemana wako humu ndani, tunawaona. Hatuwaombi wakumbatiane mbele ya watu. Tunawaomba waje siku ya Mungu, mmoja aeleze kwa nini Bokungu alikuwa na haki, mwingine aeleze kwa nini hakuwa nayo, na sisi tutawasikiliza wote wawili mpaka mwisho.

Anayetaka jioni ibaki na masharti hayo, ainue mkono.